Mwongozo wa Kuutafuta na Kuuzima Mtetemo katika Amplifaya Yenye Mrejesho wa Mwanga

Amplifaya yenye mrejesho wa mwanga ni saketi ambayo ishara yake ya kujisahihisha haipiti kwenye waya peke yake, bali huvuka pengo la hewa au la plastiki angavu ikiwa mwanga, kisha hugeuzwa tena kuwa mkondo wa umeme upande wa pili. Saketi za namna hii hutumika pale ambapo taa inatakiwa ibaki na ung'avu uleule ingawa joto na umri vinaibadilisha, kwa mfano katika vifaa vya kupima uchafu unaoelea majini, na hutumika pia pale ambapo ishara inapaswa kuvuka kutoka sehemu moja ya kifaa hadi nyingine bila waya wowote kuziunganisha sehemu hizo. Kasoro inayowasumbua zaidi wajenzi wake ni mtetemo usiotakiwa, yaani hali ya saketi kupanda na kushuka yenyewe mfululizo, bila kuingiziwa ishara yoyote, badala ya kutulia kwenye kiwango ilichoagizwa.

Mfano utakaofuatwa hapa ni saketi ya kutuliza mwanga wa diodi ya kutoa mwanga, yaani LED, ya aina ya infraredi. Sehemu ndogo ya mwanga wake huipiga fotodiodi ya BPW34, ambayo ni diodi inayotoa mkondo kulingana na mwanga unaoiangukia. Mkondo huo huingia katika opampu ya kwanza, opampu ikiwa ni saketi jumuishi inayokuza tofauti ya volti iliyopo kati ya pini zake mbili za kuingizia, nayo huugeuza kuwa volti kwa msaada wa rezista ya megaomu 1 iliyounganishwa kutoka pini ya kutolea hadi pini hasi ya kuingizia. Opampu ya pili huilinganisha volti hiyo na volti ya rejea iliyowekwa na mtumiaji, kisha huendesha transista yenye rezista ya omu 100 kwenye emita yake, na transista hiyo ndiyo inayoamua LED ipate mkondo kiasi gani. Opampu zote mbili zimo ndani ya TL072 moja, ambayo ni rahisi kupatikana na inatosha kwa kazi hii.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba saketi hii ina vitanzi viwili vya mrejesho, kimoja kikiwa ndani ya kingine. Kitanzi cha ndani ni opampu ya kwanza na rezista yake ya megaomu 1, nacho kinaweza kutetema hata LED ikiwa imezimwa kabisa. Kitanzi cha nje huanzia kwenye fotodiodi, hupitia opampu zote mbili, transista na LED, kisha hurudi kwenye fotodiodi kwa njia ya mwanga. Sehemu kubwa ya muda unaopotea katika kutafuta kasoro hizi hupotea kwa sababu fundi anatibu kitanzi kimoja huku mgonjwa ni kingine, na mbaya zaidi ni kwamba dawa ya kimoja, ikizidishwa, humwambukiza mwenzake.

Chanzo cha mtetemo wenyewe ni kuchelewa. Katika mrejesho hasi, ziada yoyote kwenye tokeo hurudishwa ikiwa imegeuzwa ili iipunguze ziada hiyo, na kugeuza huko ni sawa na nyuzi 180 za mzunguko mzima wa wimbi. Ikiwa vipande vya kitanzi, kila kimoja kwa uzembe wake, vitaongeza ucheleweshaji wa nyuzi nyingine 180, sahihisho hufika wakati ambapo linasukuma pale lilipopaswa kuzuia. Mhandisi Harry Nyquist alionyesha mwaka 1932 jinsi ya kuamua uthabiti wa kitanzi kwa kuangalia kuchelewa pamoja na nguvu yake, na kwa saketi kama hii kanuni inayofaa mezani ni nyepesi: kwenye frikwensi ambayo ukuzaji wa kitanzi kizima umeshuka hadi kufikia 1, ucheleweshaji wa ziada uwe bado haujafika nyuzi 180. Kiasi kilichobaki kabla ya kufika huko huitwa hapa akiba ya fazi. Akiba ya nyuzi 60 ni ya kuridhisha, ya nyuzi 45 inavumilika, na iliyo chini ya nyuzi 20 ni saketi inayongoja siku ya joto ili ianze kutetema.

Kuhakikisha kwamba ni mtetemo kweli

Si kila wimbi linaloonekana kwenye tokeo limezaliwa ndani ya saketi. Umeme wa gridi katika Afrika Mashariki ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi zinazoutegemea hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde, na fotodiodi isiyofunikwa huona jambo hilo waziwazi. Taa zinazoendeshwa na saketi za kielektroniki zinaweza kubadilika kwa makumi ya kilohezi, frikwensi ambayo ndiyo hasa inayotarajiwa kwa mtetemo wa saketi ya mfano, na fundi asiyelijua hilo anaweza kubadilisha vipuri jioni nzima akiisaka kasoro iliyo kwenye dari. Taa za chumba zizimwe, na ikiwezekana saketi ilishwe kwa betri. Wimbi likibaki lilivyokuwa, basi ni la saketi yenyewe.

Multimita haifai kwa uchunguzi huu, kwa kuwa ikiwa kwenye volti za mkondo mnyoofu huonyesha wastani tu, na wastani wa saketi inayotetema unaweza kuwa namba ya kuaminika kabisa machoni. Dalili yake pekee ni namba hiyo kuhama mkono unapousogelea ubao. Asiyekuwa na osiloskopu anaweza kutumia redio ndogo ya AM iliyowekwa karibu na saketi, kwa sababu mtetemo uliofikia kikomo cha volti za chanzo hukatika ncha na hivyo huzaa mawimbi ya frikwensi za juu ambayo redio huyapokea kama mluzi au mkwaruzo, nao hutoweka saketi inapozimwa. Njia hiyo haitoi namba, lakini inatoa jibu la ndiyo au hapana.

Mwenye osiloskopu naye ana hadhari yake. Probu iliyowekwa kwenye mara 1 ina kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji, wa takribani pikofaradi 100, ilhali ikiwekwa kwenye mara 10 hubaki na pikofaradi 10 hadi 15. Kuigusisha kwenye pini hasi ya opampu ya kwanza, pale fotodiodi inapoungana na rezista ya megaomu 1, ni kuibadilisha saketi ile ile inayopimwa, na yapo matetemo yanayoanza probu inapogusa na kwisha inapoondolewa. Vipimo vichukuliwe kwenye pini za kutolea pekee, probu ikiwa kwenye mara 10. Kebo ndefu nayo ni mzigo: kebo ya kawaida ya koaksi hubeba takribani pikofaradi 100 kwa kila mita, na opampu nyingi hazipendi kuusukuma mzigo huo moja kwa moja. Ikiwa mtetemo hutokea tu kebo inapochomekwa, rezista ya omu 47 hadi 100 iwekwe mfululizo kwenye tokeo kabla ya kebo, na shauri hilo limekwisha.

Baada ya hapo frikwensi iandikwe kabla ya kitu chochote kuguswa kwa lehemu. Mtetemo wa megahezi kadhaa au zaidi kwa kawaida hutoka kwenye transista ya kuendeshea LED, kwenye nyaya za chanzo cha umeme au kwenye kebo; ule wa makumi ya kilohezi hadi kilohezi mia na kidogo ni wa kitanzi cha ndani au cha nje; na ule wa hezi chache, unaoonekana kwa macho kama taa inayopumua, huashiria chanzo cha umeme kilichochoka au kipokeamwanga cha polepole, kama vile rezista ya mwanga ya sulfidi ya kadimiamu, ambayo huchukua makumi ya milisekunde kuitikia na haistahili kuwekwa katika kitanzi chochote chenye haraka.

Kukata njia ya mwanga

Hapa saketi ya mwanga inamfaa fundi kuliko saketi nyingine yoyote ya mrejesho, kwa maana kitanzi cha nje kinaweza kukatwa bila kukata waya wala kubadilisha hata pikofaradi moja: kinachohitajika ni kuweka kizuizi kati ya LED na fotodiodi. Kizuizi hicho kisiwe plastiki nyeusi ya kuokota, kwa kuwa plastiki nyingi zinazoonekana nyeusi tititi kwa macho huupitisha mwanga wa infraredi, na BPW34 huhisi zaidi mwanga wa karibu nanomita 900, ambao jicho haliuoni kabisa. Kipande cha foili ya jikoni kilichofunikwa pande zote mbili kwa tepu ya umeme kinafaa zaidi. Tepu huzuia foili isiunganishe miguu ya vipuri, na foili huzuia mwanga.

Kabla ya kukiingiza kizuizi, ikumbukwe kwamba opampu ya pili itaamini taa imezimika na itaisukuma LED kwa nguvu zake zote. Katika saketi ya mfano, ikilishwa kwa volti 12 chanya na 12 hasi, mkondo unaweza kukaribia miliampea 100, kiwango ambacho kwa LED nyingi za infraredi ni ukingo wenyewe. Jaribio lifanywe kwa muda mfupi, au rezista ya emita iongezwe kwa muda. Kwa kuwa katika hali hiyo opampu ya pili imeganda kwenye kikomo chake, kinachotazamwa ni tokeo la opampu ya kwanza tu: likiendelea kutetema gizani, kitanzi cha ndani ndicho kibovu, likinyooka, kasoro ni ya kitanzi cha nje. Vikiwa vibovu vyote viwili, cha ndani hutibiwa kwanza, maana hakuna hesabu ya kitanzi cha nje itakayosimama juu ya opampu inayotetema.

Kuna hali moja inayofanana na mtetemo ilhali siyo. Ikiwa saketi haipandi na kushuka bali imekwama, LED ikiwaka kupita kiasi na volti ya opampu ya pili ikiwa imefika kikomo hata mwanga unapoifikia fotodiodi vizuri, basi mrejesho umekuwa chanya, na mara nyingi sababu ni fotodiodi iliyowekwa kinyume. Katika mfano huu kathodi yake inapaswa kuungana na pini hasi ya opampu ya kwanza ili volti ipande mwanga unapoongezeka. TL072 za aina ya zamani zina tabia nyingine ya kujua: volti ya pini ya kuingizia ikikaribia sana chanzo hasi, tokeo hugeuka upande ghafla, na mrejesho hasi huwa chanya bila waya wowote kuhamishwa.

Mtetemo unaobaki gizani

Opampu ya kwanza hutetema kwa sababu rezista yake kubwa na kapasitansi iliyopo kwenye pini hasi kwa pamoja huchelewesha mrejesho. BPW34 ina eneo la milimita mraba 7.5, na isipopewa volti yoyote ya kinyume ina takribani pikofaradi 70. Opampu na nyaya zikiongeza 15 hivi, jumla huwa 85. Zao la ukuzaji na frikwensi la TL072, yaani frikwensi ambayo ukuzaji wake wenyewe unashuka hadi 1, ni takribani megahezi 3. Frikwensi ambayo opampu itataka kutetema hupatikana kwa kuligawa zao hilo kwa mara 6.28 ya rezista na kapasitansi zikizidishwa pamoja, kisha kutafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kwa namba hizi inatoka takribani kilohezi 75. Ikiwa osiloskopu inaonyesha namba iliyo karibu na hiyo huku kizuizi kikiwa mahali pake, hakuna haja ya kumshuku mwingine.

Dawa ni kapasita ndogo sambamba na rezista ya megaomu 1, ambayo kwenye frikwensi za juu huurudisha mrejesho mapema. Ukubwa wake ni kipeuo cha pili cha kapasitansi ya pini ikigawanywa kwa mara 6.28 ya rezista na megahezi 3, yaani takribani pikofaradi 2.1, na hiyo huleta akiba ya nyuzi 45 hadi 50. Anayetaka tokeo lisilokuwa na nundu yoyote huzidisha kwa 1.4 na kupata pikofaradi 3. Kapasita ya ukubwa huo haipatikani kila duka, wala si lazima. Nyaya mbili nyembamba zenye ngozi ya plastiki, kila moja ikilehemiwa kwenye mguu mmoja wa rezista na kisha zikasokotwa pamoja kwa urefu wa sentimita chache, hutoa pikofaradi chache. Ncha zilizo huru zisigusane. Wimbi la mraba linapitishwa kwenye LED iliyotengwa na kitanzi, osiloskopu inatazama tokeo, na msokoto unakatwa kwa mkasi milimita chache kila mara: mwanzoni kona za wimbi huwa za duara, baadaye husimama wima, kisha huanza kuota mkia wa viwimbi. Fundi husimama kabla ya mkia.

Njia ya pili, ambayo ingefaa kuongezwa juu ya ya kwanza wala si badala yake, ni kuipa fotodiodi volti ya kinyume. Volti 3 tu, kwa kuunganisha anodi na volti 3 hasi badala ya ardhi, huishusha kapasitansi ya BPW34 hadi takribani pikofaradi 25, na hapo frikwensi iliyokuwa kilohezi 75 hupanda hadi karibu 109. Faida nyingine ni kwamba chaji zinazozaliwa na mwanga wa infraredi ndani kabisa ya silikoni hukusanywa upesi zaidi pasipo kuacha mkia wa polepole, jambo litakalohitajika katika kitanzi cha nje. Hasara yake ni mkondo mdogo unaovuja hata gizani, nao huongezeka kwa joto.

Lililo kosa kabisa ni kuweka kapasita kutoka pini hasi hadi ardhi kwa nia ya kuchuja kelele. Huko ni kuongeza kile kile kinachosababisha ugonjwa. Ubao wa majaribio wenye vitundu hufanya kosa hilo bila kuombwa, kwa kuwa safu zake jirani zina pikofaradi kadhaa kati yao. Opampu ya kwanza ijengwe kwenye ubao wa kulehemu, fotodiodi ikiwa na miguu mifupi, hata kama sehemu nyingine zote zimebaki kwenye vitundu.

Mtetemo unaokufa gizani

Kitanzi cha nje kinahitaji hesabu inayojumuisha mwanga, na hapo ndipo michoro mingi inaponyamaza. Transista yenye omu 100 kwenye emita hutoa takribani miliampea 10 kwa kila volti 1 ya opampu ya pili. Tuseme miliampea 10 za LED, kwa umbali uliopo, huzaa mikroampea 2 kwenye fotodiodi. Rezista ya megaomu 1 huzigeuza kuwa volti 2. Kwa hiyo kila volti 1 inayotoka kwenye opampu ya pili hurudi ikiwa volti 2, ambayo ni kusema kwamba njia ya mwanga inakuza mara 2. Opampu ya pili ikiachwa bila kapasita yoyote, ukuzaji wake kwenye kilohezi 75 ni mara 40, na huko ndiko opampu ya kwanza inakochelewesha nyuzi 90 juu ya nyuzi 90 za opampu ya pili. Ukuzaji wa makumi pamoja na ucheleweshaji wa nyuzi 180 ni mtetemo usiokuwa na shaka, na wajenzi wengi hukutana nao kwa sababu wameichukulia opampu ya pili kama mlinganishi tu.

Opampu hiyo inapaswa kugeuzwa kuwa kikusanyi, yaani saketi ambayo tokeo lake hupanda au kushuka polepole kwa kadiri tofauti inavyodumu. Rezista ya kiloomu 10 huwekwa kutoka tokeo la opampu ya kwanza hadi pini hasi ya opampu ya pili, na kapasita ya nanofaradi 6.8 kutoka pini hiyo hadi kwenye tokeo lake. Ukuzaji wa kikusanyi hicho hufika 1 kwenye kilohezi 2.3 hivi, na ukizidishwa kwa 2 ya njia ya mwanga, kitanzi kizima hufika 1 karibu na kilohezi 4.7. Huko opampu ya kwanza inachelewesha nyuzi 5 tu, na akiba inayobaki ni zaidi ya nyuzi 80. Mwenye kuhitaji kasi zaidi anaweza kushusha kapasita hadi nanofaradi 1.5, ambapo kitanzi hufika kilohezi 21 na akiba hubaki nyuzi 68 hivi.

Sasa LED isogezwe karibu. Mwanga wa chanzo kidogo hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, hivyo kuupunguza umbali kutoka sentimita 4 hadi 2 huukuza mwanga unaoifikia fotodiodi mara 4, na ukuzaji wa kitanzi vilevile. Saketi yenye nanofaradi 6.8 huhama kutoka kilohezi 4.7 hadi 19, na haina wasiwasi. Ile yenye nanofaradi 1.5 husukumwa hadi ukingoni, penye akiba inayokaribia sifuri, na ucheleweshaji mdogo wa LED au transista hutosha kuiangusha. Hiyo ndiyo sababu ya malalamiko ya kawaida kwamba saketi ilitulia mezani ikaanza kutetema ilipofungwa ndani ya kasha, bila kipuri chochote kubadilishwa: kasha limeleta vipuri karibu, au ukuta wake mweupe wa ndani umerudisha mwanga ambao mezani ulikuwa ukipotea. Namba ya mikroampea ipimwe ndani ya kasha, mfuniko ukiwa umefungwa.

Hapa pia ndipo inapodhihirika jinsi dawa ya kitanzi cha ndani inavyoweza kukidhuru cha nje. Fundi aliyeona kwamba pikofaradi 3 zimesaidia anaweza kuweka 100 ili asipate shida tena. Opampu ya kwanza sasa huanza kuchelewa kwenye kilohezi 1.6, na kitanzi chenye nanofaradi 6.8, kilichokuwa na akiba ya zaidi ya nyuzi 80, hubaki na nyuzi 32 hivi. Kila badiliko la volti ya rejea humfanya aone mwanga ukiruka na kuyumba kabla ya kutulia. Madhara ya namna hiyo hiyo huletwa na kapasita inayowekwa sambamba na LED kwa nia ya kuulainisha mwanga, au kichujio kinachowekwa baada ya opampu ya kwanza ili kupunguza kelele kabla ya ulinganisho. Katika kitanzi cha mrejesho, kipande kimoja tu ndicho kinachoruhusiwa kuwa cha polepole, nacho ni kikusanyi. Kelele ichujwe nje ya kitanzi.

Transista isisahaulike. Ikitetema yenyewe kwa makumi ya megahezi, rezista ya omu 100 hadi 470 iliyolehemiwa karibu kabisa na besi yake kwa kawaida huituliza. Na ikiwa mjenzi amebadilisha mpangilio ili transista igeuze ishara, pini za opampu ya pili nazo hazina budi kubadilishana kazi, na kapasita iliyokuwa dawa, ikibaki pale ilipokuwa, itakuwa inarudisha mrejesho chanya.

Chanzo cha umeme na waya wa ardhi

Kapasita ya seramiki ya nanofaradi 100 iwekwe kutoka kila pini ya chanzo ya TL072 hadi ardhi, milimita chache kutoka kwenye pini. Mkondo wa LED usirudi kwenye chanzo kupitia kipande cha waya wa ardhi kinachotumiwa pia na volti ya rejea au pini chanya ya opampu ya kwanza, kwa sababu mabadiliko ya mkondo huo huacha volti ndogo kwenye waya, na volti hiyo huwa mrejesho ambao haumo kwenye mchoro wowote. Waya mmoja wa LED uende peke yake hadi kwenye kituo cha chanzo.

Mwanga ukiwa umefungwa ndani ya plastiki

Vipo vipuri, kama HCNR201 na IL300, ambamo LED moja huangaza fotodiodi mbili ndani ya kifuko kimoja: ya kwanza hurudisha mrejesho, ya pili hupeleka ishara upande uliotengwa. Humo kizuizi cha foili hakiingii, hivyo hesabu inachukua nafasi ya jaribio. Katika HCNR201 mkondo wa fotodiodi ni takribani nusu ya asilimia moja ya mkondo wa LED. Ishara ikiingia kwa rezista ya kiloomu 200 na LED ikiwa na omu 300 kwenye njia yake, njia ya mwanga hukuza zaidi ya mara 3, kwa hiyo opampu inayosifiwa kuwa thabiti hata kwa ukuzaji wa 1 haina dhamana hapa, kwa maana sifa hiyo haikufikiria mrejesho unaozidi tokeo lenyewe. Kapasitansi ya pikofaradi 40 kwenye pini hasi ikiongezwa, opampu ya megahezi 1 hubaki na akiba ya nyuzi 4 au 5, hata kabla ya kuhesabu uzito wa LED.

Kapasita ya pikofaradi 47 kutoka tokeo la opampu hadi pini hiyo huyabadilisha mambo kabisa. Chini ya kilohezi 56 hivi mrejesho unaotawala ni wa mwanga, na usahihi wa kipuri hubaki. Juu ya hapo kapasita hushika usukani kabla mwanga haujaanza kuchelewa, na akiba hupanda hadi karibu nyuzi 85. Gharama yake ni kwamba ishara zinazozidi kilohezi 56 hazitavuka kwa ukubwa kamili.

Kupima akiba iliyopatikana

Saketi iliyoacha kutetema haijathibitika kuwa na akiba ya kutosha. Wimbi la mraba lenye kimo kidogo, tuseme milivolti 100, huongezwa kwenye volti ya rejea, na tokeo la opampu ya kwanza hutazamwa linavyoruka kiwango kabla ya kutulia: mruko wa asilimia 10 ya hatua huashiria akiba ya karibu nyuzi 60, na wa asilimia 23 huashiria nyuzi 45. Viwimbi vikihesabika zaidi ya vinne au vitano, kapasita ya kikusanyi iongezwe ukubwa. Jaribio lirudiwe kwenye mwanga hafifu na kwenye mwanga mkali zaidi ambao saketi itatumikia, kwa kuwa ufanisi wa LED hubadilika kwa mkondo na kwa joto, na ukuzaji wa kitanzi hubadilika pamoja nao. Ikiwa LED itabadilishwa na diodi ya leza, jaribio lifanywe pia karibu na kizingiti cha mkondo ambapo leza huanza kuwaka, maana chini ya kizingiti hicho kitanzi karibu hakina ukuzaji, na juu yake kidogo tu mwanga hupanda kwa mwinuko mkali kuliko ule wa LED yoyote.